Sekunde ya Kwanza ya Transfoma

Wanangu, nimechoka kulirudia hili, lakini nitalirudia tena, maana kila matengenezo yakiisha nawaona mnakimbilia swichi kana kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Transfoma haina saa ngumu kuliko ile sekunde inayoingizwa kwenye laini.

Isikilizeni siku hiyo. Haianzi na mvumo wake wa kawaida. Inanguruma kwanza, halafu inatulia polepole. Inaponguruma hivyo, na hasa mkiwa mwisho wa laini ndefu ya kilovolti 33, volti inashuka mtaa mzima. Taa zinafifia. Kontakta ya mashine ya kusaga inaachia, mota inasimama mahindi yakiwa bado mdomoni mwa mashine. Mwenye mashine akipiga simu kulalamika, mnamjibu kwamba vifaa vyake ni vibovu. Msimwambie hivyo tena, nawaomba. Vifaa vyake vizima. Ni sisi tuliowasha bila kumwarifu.

Sababu yake haina uchawi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo volti inapita sifuri mara 100 kila sekunde. Ukiwasha volti ikiwa kileleni, sumaku ndani ya chuma inajijenga kwa kiasi chake cha kawaida. Ukiwasha ikiwa sifuri, sumaku inapanda karibu mara mbili ya kiasi hicho, na kama chuma kilibakiwa na sumaku ya upande uleule tangu kilipozimwa, inapanda zaidi. Chuma kinashiba. Kikishashiba, koili haina tena cha kuuzuia mkondo ila ukinzani mdogo wa waya na kizuizi kidogo kilichosalia, na mkondo unaruka mara 10 ya ule ulioandikwa kwenye kibati, pengine zaidi, ilhali hakuna hata balbu moja iliyoungwa upande wa pili. Kwenye transfoma ndogo hali hiyo hupita upesi sana. Kwenye kubwa huchukua sekunde kadhaa, na transfoma ya jirani iliyokuwa imetulia kazini inaweza kushiba nayo na kuanza kunguruma.

Relei ikikata wakati huo, msikimbilie kulegeza mipangilio yake. Mkondo huu una alama yake: umejaa mawimbi ya hezi 100, na relei nzuri ya kulinda transfoma huyatafuta ili isikate bure. Kagueni kwanza kama kinga hiyo imewekwa sawasawa. Mkilegeza kila kitu, siku koili itakapoungua kweli relei itanyamaza.

Zipo breka zinazochagua wakati wa kufunga kila fezi peke yake, kwa kuwa hakuna wakati mmoja unaozifaa zote tatu. Ni ghali, na laini zetu za vijijini hazinazo. Kilichobaki mikononi mwenu ni utaratibu. Washeni transfoma moja, mngoje itulie, ndipo muende kwa nyingine. Kapasita zizimwe kwanza, kwa sababu zikikutana na mawimbi yale zinaweza kuyakuza mpaka volti ipande kupita kiasi. Mzigo uje baadaye, kidogo kidogo. Na kiwanda kinachotumia jenereta yake, ikiwezekana transfoma iungwe jenereta ikiwa bado haijatoa volti, kisha volti ipandishwe polepole. Hapo hakuna kishindo.

Kuna jambo moja mnaliruka kila mara, nalo ndilo linalonisikitisha zaidi. Mkipima ukinzani wa koili mnatumia umeme wa betri, na umeme huo unaacha sumaku ndani ya chuma. Mnafungasha vyombo, mnapanda gari, transfoma inarudishwa kazini ikiwa na sumaku ile ile mliyoiachia. Iondoeni kabla ya kuondoka. Najua jua ni kali na dereva anapiga honi. Iondoeni hata hivyo, mwandike kwenye fomu kwamba imeondolewa, ndipo muombe ruhusa ya kuwasha.