Gari Haliwezi Kukusaliti

Kwa Kiswahili tunasema gari "la kuaminika." Ni neno lile lile tunalolitumia kwa rafiki anayetunza siri, kwa mweka hazina wa chama, kwa jirani tunayemwachia funguo tukienda ushago. Na gari likituangusha, tunalilaumu kwa lugha hiyo hiyo: limenisaliti, limeniaibisha mbele ya watu, lina roho mbaya. Tunaongea na chuma kana kwamba kilituahidi kitu.

Chuma hakiahidi. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu kuaminiana, alitofautisha kumtegemea mtu na kumwamini. Majirani wa Immanuel Kant kule Königsberg walizoea matembezi yake ya kila siku hata wangeweza kuyatumia kama saa. Siku moja akilala, wangekereka, pengine wangechelewa shughuli zao, lakini asingekuwa amewakosea. Kuamini ni jambo zito zaidi. Unamwachia mtu kitu unachokijali, ukitarajia kwamba anakutakia mema, na unajua kabisa kwamba ana nafasi ya kukuumiza. Anayetegemea huvunjika moyo. Anayeamini ndiye anayeweza kusalitiwa.

Kwa hivyo gari ulilonunua juzi likianza kusumbua wiki ya pili, usiulize kwa nini gari limekufanyia hivyo. Uliza: nani alijua?

Kenya swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tukisema "nimenunua gari jipya" wengi wetu tunamaanisha jipya kwetu. Gari la mtumba huruhusiwa kuingia nchini mradi halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Linakuja na maisha yake. Mengi hutoka kwenye minada ya Japani, na huko hukaguliwa na kuandikiwa karatasi: alama ya jumla, mchoro wa bodi, herufi za kuonyesha palipokwaruzwa na palipobonyea. Herufi R humaanisha gari lilitengenezwa baada ya ajali. Yaani ukweli uliandikwa, kwa Kijapani, na upo mahali. Halafu kati ya mnada na yadi ya Nairobi karatasi inapotea, na aliyeshika funguo anaanza kusimulia hadithi nyingine: "Hii ilikuwa ya mama fulani, safari zake ni kanisani na sokoni tu. Haijawahi kuguswa."

Na gari la fobaifo, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, linazidisha tatizo. Unalipia nguvu ambayo huwezi kuijaribu siku ya kununua. Testi unaifanya kwenye lami: unashuka Kiambu Road, unakata kona mbili, AC inapuliza, redio inaimba, unarudi ukitabasamu. Na magari mengi ya aina hii hayafai hata kuwekwa kwenye magurudumu manne juu ya lami kavu. Kwenye kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma husafiri umbali tofauti. Yakifungwa pamoja yanavutana mpaka gia zinaumia. Mfumo huu umetengenezewa matope, mchanga na mawe. Ukifeli, utafelia huko huko, mbali na gereji, pengine usiku. Hapo ndipo neno "kuaminika" linapoonyesha maana yake: unachokiamini ni kile usichoweza kukiona.

Rafiki yangu mmoja alinunua gari kama hilo kwa mkopo wa sacco. Wadhamini walikuwa watatu, wenzake wawili wa kazini na mjomba wake. Kwao ni Kinangop, na ukijua Kinangop wakati wa masika huhitaji kuelezwa kwa nini alitaka fobaifo. Mama yake ana kliniki kila mwezi. Safari ya kwanza ya mvua, akabonyeza kitufe, magurudumu ya mbele hayakuvuta, na hakuna taa ya onyo iliyowaka. Kabla hajakata tamaa, giaboksi nayo ikaanza kuteleza. Waliokolewa saa nne usiku na trekta ya jirani.

Alipolirudisha Nairobi, fundi wa umeme akafungua dashibodi. Nyuma ya kile kioo, juu ya taa ya onyo, kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi kilichokatwa kwa makasi, kikabandikwa vizuri. Fundi akakitazama, akasema, "Dada, hii si kuharibika. Hapa mtu alikaa chini akafikiria."

Sijasikia mwalimu wa falsafa akiieleza tofauti ya Baier vizuri kuliko huyo fundi. Giaboksi iliyochoka ni chuma, na chuma cha miaka minane kina haki ya kuchoka. Tepu ni mtu. Giaboksi ilimvunja moyo. Tepu ndiyo iliyomsaliti.

Hadi hapo kesi ni rahisi, sote tuko upande wake. Ugumu ulikuja baadaye. Alirudi yadi, akaambiwa, "Madam, ulikagua mwenyewe na ukasaini." Mkopo unaendelea kukatwa kwenye mshahara. Bei ya kutengeneza inakaribia nusu ya alichonunulia. Kisha broka mmoja akamfungulia mlango: "Siz, mbona unateseka? Mwaga oili nzito kwa giaboksi itulie, osha injini, rudisha ile tepu, piga picha jua likiwa poa. Wikendi haiishi kabla haijapata mwenyewe."

Tepu aliikataa pale pale. Lakini aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu haraka: "Na nikinyamaza tu? Sisemi uongo. Akiuliza nitajibu. Asipouliza, nimemkosea nani?"

Swali hili ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake kuna mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua ina mbao mbovu na nyoka vyumbani. Je, lazima aseme? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili wa Stoa. Diogenes wa Babeli anasema: muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, basi. Kunyamaza si kuficha. Mnunuzi si mtoto. Antipater, mwanafunzi wake, anamkatalia. Kumwacha mnunuzi aingie shimoni huku unamtazama, anasema, ni kama kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea, jambo ambalo Waathene walililaani hadharani. Cicero mwenyewe anaishia upande wa Antipater.

Sisi tuna Diogenes wetu, na yuko kwenye methali: mwenye macho haambiwi tazama. Kila yadi inaishi kwa methali hiyo. Hata sheria inamsikiliza kidogo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mwenye biashara auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni, ila mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Na sharti hilo la ubora linamlenga anayefanya biashara ya bidhaa hizo, halimlengi mtu wa kawaida anayeuza gari lake moja. Kwa hivyo kisheria rafiki yangu alikuwa na nafasi kubwa ya kunyamaza.

Lakini methali ile inazungumzia macho. Haisemi chochote kuhusu kilicho ndani ya giaboksi, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki na la muuzaji limeshafika. Mimi naona mpaka uko hapo. Mkwaruzo wa mlangoni, mnunuzi ajionee. Tairi zilizoisha, aziguse. Lakini jambo ambalo mimi nalijua, yeye hawezi kulijua, na likimpata litamgharimu pesa nyingi au maisha, hapo kimya changu kinafanya kazi ile ile ya tepu. Tofauti ni kwamba hakiachi gundi.

Lugha yetu ilishalijua hili. Neno "aibu" lilitufikia kutoka Kiarabu, na kwa Kiarabu 'ayb' ni kasoro, dosari, hata ya bidhaa. Katika sheria za Kiislamu za biashara, muuzaji anayejua aibu ya mali yake anapaswa kuitaja, na mnunuzi akiigundua baadaye ana hiyari ya kuirudisha mali. Neno lilipozoea kwetu, likahama kutoka kwenye kitu likamkalia mtu: aibu ikawa ile hali ya uso kushindwa kutazamana na uso mwingine. Nikilifikiria gari lile, naona safari hiyo ya neno ina mantiki. Kasoro ya giaboksi ni aibu ya giaboksi. Ukiijua ukaifunika, inakuwa yako.

Kuna pingamizi tatu ambazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza: yeye mwenyewe alitapeliwa, kwa nini asirudishe pesa zake? Arudishe, lakini kutoka kwa nani? Anamdai aliyemuuzia. Mnunuzi ajaye hajamkopa kitu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: maumivu aliyoyaonja yanamfundisha vizuri zaidi kile anachokaribia kumfanyia mwenzake.

Ya pili: soko zima liko hivyo, kila mtu anajua, na bei tayari imeshapunguzwa kwa hofu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mchumi George Akerlof aliandika juu ya jambo hili mwaka 1970, akitumia magari ya mitumba kama mfano, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, atatoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri ataona hasara, ataondoka. Sokoni yatabaki mabovu. Lakini soma hoja hiyo mpaka mwisho. Haisemi kimya hakimuumizi mtu. Inasema kimya kinamfanya hata mwenye kusema kweli alipwe kama mwongo. Zaidi ya hayo, punguzo la wastani halimkingi mtu dhidi ya giaboksi hii moja, kwenye mteremko huu mmoja, na watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. Ukweli ni ghali, na rafiki yangu hana pesa. Akisema, bei inaanguka, mkopo unabaki, na wadhamini wanakatwa. Mjomba hajawahi hata kuliketia gari lenyewe. Ni rahisi mimi kuhubiri Antipater nikiwa sina mkopo. Ninachoweza kusema ni hiki: kunyamaza hakuifuti gharama. Kunaamua tu nani atailipa, na kunamchagua yule ambaye hayupo chumbani kujitetea. Mjomba alikubali kusaini akijua ni hatari. Mnunuzi ajaye hajaulizwa. Kati ya watu hao wawili, siwezi kuona haki inayompa mgeni mzigo ambao wenyeji wameukimbia.

Hata hivyo si haki pia mzigo wote umwangukie anayeamua kusema kweli. Sacco inayotoa mkopo wa gari ingeweza kudai fundi wake alikague kwanza. Pesa ni za wanachama, hatari ni yao. Mafundi nao, wanaoombwa kila siku kuzima taa za dashibodi, wana la kujibu, maana tepu haijibandiki. Na anayedhulumiwa ana pa kwenda: Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupata habari anazohitaji ili azifaidi, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja bila kukulazimisha kukodi wakili.

Rafiki yangu aliandika kasoro zote kwenye karatasi moja, akaambatanisha makadirio ya fundi, akapunguza bei kwa kiasi hicho. Wawili wa kwanza walisoma wakakata simu. Wa tatu alikuja na fundi wake, akalala chini ya gari nusu saa, akalichukua. Pengo la mkopo bado analilipa, na alimpigia mjomba wake kumweleza kabla sacco haijampigia. Shauri lake dhidi ya yadi halijaisha. Ile tepu ameiweka kwenye bahasha, pamoja na picha alizopiga fundi, ikingoja siku ya kuulizwa nani alijua.