Jasho Lenye Daftari

Mwaka 2009 nyaya mbili kubwa za intaneti, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa, na muda si mrefu hata saiba za Voi zikachangamka. Niliyoizoea mimi ilikuwa hatua chache kutoka steji ya matatu za Wundanyi: kompyuta sita, feni moja mbovu, shilingi moja kwa dakika. Humo ndimo nilimojifunza kuchimba madini.

Mchezo wenyewe uliitwa RuneScape. Ndugu wawili wa Uingereza, Andrew na Paul Gower, waliutoa mwaka 2001, na kampuni yake, Jagex, iko Cambridge. Ulifunguka ndani ya kivinjari, bila diski wala mashine ya kifahari, ndiyo maana ulitufikia sisi wa shilingi kwa dakika. Majoka yalikuwamo, wachawi nao, na mapanga ya kutisha. Mimi lakini nilinaswa na mwamba. Unausimamia, unaugonga kwa sululu, unapata kipande cha chuma. Mwamba unafifia sekunde chache, kisha unajaa tena kana kwamba hujaugusa. Na kila kipande kinaandikwa. Ngazi ya juu kabisa ya uchimbaji enzi hizo ilikuwa 99, nayo ilitaka pointi 13,034,431 za uzoefu. Ukishaandikiwa moja, ni yako.

Siku hizohizo mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa shimoni upande wa Kamtonga akitafuta tsavorite. Jiwe hilo la kijani mwanajiolojia Campbell Bridges aliliona kwanza Tanzania mwaka 1967, akalikuta tena huku kwetu Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la Tsavo. Jina letu, duka lao. Mjomba aliweza kushinda shimoni miezi minne akila kwa mkopo, akatoka na vumbi tu.

“Huko saiba unafanya nini hasa?” aliniuliza siku moja.

“Nachimba mawe, mjomba.”

“Wanakulipa?”

“Napanda ngazi.”

Alicheka mpaka akakohoa.

Kicheko kile sijawahi kukijibu sawasawa, na insha hii ni jaribio tu. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake *The Grasshopper* cha mwaka 1978, anasema kucheza ni kujitolea kuvuka vizuizi visivyo vya lazima. Ni maelezo mazuri kwa aliyeshiba. Suits mwenyewe alidai kwamba watu wakishapata kila wanachohitaji, kitakachowabakia ni michezo. Lakini Voi haina uhaba wa vizuizi. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii, na ndovu hawasomi ramani. Shamba la mama pale Sagalla lilikuwa na mahindi yaliyokomaa Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi lilikuwa na nyayo. Kijana wa hapa anajiongezea vizuizi vya nini?

Nadhani ni kwa sababu vizuizi vya lazima havina daftari. Mama alipalilia mara mbili, akalinda usiku kwa debe na tochi, na ndovu walipopita hakuna mahali palipoandikwa kwamba alipalilia. Katika RuneScape hata kazi ya kijinga kabisa huandikwa papo hapo, mbele ya macho yako. Watu husema vijana huingia katika michezo hii kufuata ndoto za majoka na uchawi. Sikubali. Majoka ni pambo. Kilicho cha ajabu mle ndani, kile ambacho kweli hakipatikani duniani, ni jasho linalohesabiwa bila kukosea wala kumtazama mtu usoni. Hakuna aliyeniuliza mimi ni Mdawida wa wapi, au baba yangu ni nani. Niliyekuwa nikichimba naye jioni aliniambia yuko Norwei. Kwangu alikuwa ngazi ya 80 mwenye kofia nyekundu, nami kwake vivyo hivyo, kasoro kofia.

Sisemi kila kitu humo ni hakika. Unapochimba chuma, mara mojamoja hutoka kito, yakuti au zumaridi, kwa nafasi ya moja kati ya 256. Wengi hudhani ukigonga mara 256 kito lazima kije. Hesabu inakataa: kila gongo halikumbuki lililotangulia, kwa hiyo katika wachimbaji 100 waliofikisha mara 256, takriban 37 bado watakuwa mikono mitupu. Mjomba angeielewa hesabu hiyo kuliko mwalimu yeyote. Tofauti ni kwamba wale 37 wa RuneScape wana chuma chao na pointi zao, ilhali mchimbaji wa Kamtonga aliyekosa jiwe ana deni la unga.

Basi mbona nilikuwa natoka saiba nimekasirika?

Mara nyingine ni umbali. Amri yangu ya kupiga hatua moja ilivuka bahari hadi Ulaya, zaidi ya kilomita 8,000, na jibu likarudi njia hiyohiyo. Mchezo huu ni wa polepole, saa yake hugonga kila baada ya sekunde 0.6, hivyo mtandao ukiwa mzima humwonei mtu wivu. Mtandao ukichoka, unaona unatembea kumbe ulishakufa.

Mara nyingine ni stima. Usiku mmoja nilikuwa ndani ya pango nikipigana, nimevaa kila nilichowahi kununua, Voi yote ikawa giza. Enzi hizo ukikatika katikati ya vita mwili wako hauondoki mara moja. Unabaki umesimama, unapigwa. Na ukifa ulibakiziwa vitu vitatu tu, vile vya thamani kubwa zaidi. Nilikaa gizani na wenzangu watano, jasho likinitoka, nikijua kwamba mahali fulani mimi nauawa bila kujitetea. Miezi miwili ya kazi. Hapo Voi iliingia mchezoni kama ndovu.

Lakini hizo ni kero za juujuu. Iliyo nzito zaidi ni hii: daftari si langu. Liko kwenye kompyuta za kampuni, ambayo ina haki ya kulifunga. Miaka michache baadaye, uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, vijana wengi wa huko walikesha katika toleo la mchezo liitwalo Old School RuneScape wakiua majoka ya kijani na kuuza dhahabu ya mchezo kwa dola, jambo linalokatazwa na sheria za mchezo. Aliyekamatwa alifungiwa akaunti. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka mjomba. Mchezo ulishageuka Kamtonga.

Sitaki kusema nilipoteza muda, maana si kweli. Nilipoajiriwa mara ya kwanza, katika duka la jumla hapa mjini, mwezi wa pili mwajiri akasema atanilipa “tutakavyoona.” Nikatoa kijitabu: siku, saa, magunia niliyopakua. Alikitazama kama aliyeoneshwa nyoka, kisha akalipa. Ujasiri ule sikuupata shuleni. Mtu aliyewahi kuishi mahali ambapo kila gongo linaandikwa hawi mwepesi tena wa kukubali “tutakavyoona.”

Mwaka jana nilishuka Kamtonga kumwona mjomba. Amezeeka, lakini shimo hajaliacha. Alivunja kipande cha mwamba mweusi, ule wenye grafaiti unaopaka vidole kama penseli, akakisugua, akakielekeza kwenye jua, akakitupa. Akavunja kingine hatua mbili kulia. Hicho alikiweka mfukoni, akawaambia vijana wachimbe hapo. Nikamwuliza ameona nini. Alinionesha, nikatazama kweli kweli, sikuona kitu. Nimevunja maelfu ya miamba na sijui hata mmoja. Uzoefu wangu uliandikwa wote na hakuna uliokaa mikononi; wake haukuandikwa popote.

Jiwe lilitoka siku hiyo? Halikutoka. Vijana wangali wanachimba.

Akaunti yangu ilikomea ngazi ya 92. Waliocheza watanielewa: kwa hesabu ya pointi, 92 ndiyo nusu ya njia ya kwenda 99.