Mwanafunzi Akikupita, Utafurahi?



Leo naanza na dhambi yangu mwenyewe. Nimeshaiungama, kwa hiyo msinionee huruma sana.

Niko Mwanza kwa mwaka wa kichungaji, baada ya miaka mitatu ya falsafa. Baba Paroko aliniona nakimbia peke yangu asubuhi, akanipa kazi ambayo sikuiomba: kufundisha riadha vijana wa parokia. Kati yao yupo dogo mmoja wa kidato cha tatu, ambaye mama yake anaanika dagaa. Siku ya kwanza alikuja na ndala, akazivua, akakimbia peku.

Jumamosi moja alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa inarudi ufukweni, tulipima kilomita 5. Dogo alipomaliza, saa yangu ilisoma dakika 17 na sekunde 2. Muda wangu bora, niliouweka nikiwa seminari ndogo na ambao sijawahi kuufikia tena, ni 17:10. Akaniuliza huku anahema, "Frateri, ngapi?" Nikamjibu, "Kumi na saba na ishirini. Bado, kaza."

Nilidanganya. Sekunde 18 tu, lakini nilimwibia.

Jioni, wakati wa kuchunguza dhamiri, nilijiuliza kwa nini. Nikakumbuka swali la kijana mwingine wiki hiyohiyo: "Frateri, kwani ulifeli kukimbia ndo maana unatufundisha?" Wenzake walicheka, na mimi nikacheka nao. Kumbe swali lilikuwa limenichoma. Je, kufundisha ni makombo ya mtu ambaye uwanjani ameshindwa?

Hebu tumwangalie mtu wa ziwa hilihili. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, upande wa Musoma, mwaka 1953. Alikwenda kusoma Marekani, Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na huko alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vikuu vya nchi nzima miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya miaka hiyo, kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alipata medali ya fedha ya mita 5,000. Alikimbia dakika 13 na sekunde 21.60, nyuma ya Mwethiopia Miruts Yifter kwa chini ya sekunde moja. (Mimi wakati huo ningekuwa bado na zaidi ya kilomita moja mbele yangu.) Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988.

Halafu akawa kocha. Amefundisha hapa nyumbani na hata Brunei, na aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa chama chetu cha riadha. Huwezi kusema mtu huyu alifundisha kwa sababu alishindwa kukimbia. Kwa hiyo swali la yule kijana limeshapata jibu la kwanza.

Lakini kuna swali gumu zaidi. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, yake na ya Filbert Bayi, zote za Moscow 1980. Hadi Paris 2024 hakuna Mtanzania mwingine aliyepata. Sasa kama thamani ya kocha ni medali za wanafunzi wake, tuseme nini juu ya makocha wote wa nchi hii kwa miaka zaidi ya 40? Kwamba walipoteza muda? Mwaka 2025 Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, nchi nzima ilishangilia. Je, ni siku hiyo tu ndipo kazi ya makocha ilianza kuwa na maana?

Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino amenisaidia. Anamlinganisha mwalimu na daktari. Mwili ndio unaojiponya kwa nguvu zake wenyewe. Daktari anausaidia tu. Vivyo hivyo mwanafunzi anajifunza kwa akili yake mwenyewe, na mwalimu anamsaidia. Maana yake ni kwamba mbio za dogo si mali yangu. Zile 17:02 zimetoka kwenye mapafu yake na miguu yake, si kwenye saa yangu. Nikizidai kama sifa yangu naiba, na nikizipunguza kwa wivu naiba vilevile. Kilicho changu ni kuamka saa kumi na moja, kumfundisha vizuri na kumwambia ukweli. Kwa hayo nitaulizwa. Medali si yangu kuitoa.

Thomas huyohuyo anasema wivu ni huzuni juu ya mema ya mwenzako, unapoyaona kana kwamba yanakupunguzia heshima yako. Nilipoisoma tena sentensi hiyo niliona saa yangu. Dogo hakunipunguzia chochote. Ile 17:10 yangu ilibaki palepale. Mimi ndiye niliyeamua kwamba furaha yake ni hasara yangu.

Yohane Mbatizaji naye aliletewa habari kwamba watu wote wanamwendea Yesu. Waliomletea walidhani ataumia. Yeye akasema furaha yake imetimia. Tusidhani ilikuwa rahisi kwake eti kwa sababu ni mtakatifu. Alikuwa na wanafunzi wake, na aliwaona wakiondoka.

Jumamosi iliyofuata nilimwita dogo pembeni. Nikamwambia, "Wiki iliyopita nilikudanganya. Ulikimbia 17:02. Nisamehe." Akanitazama kwa muda, nadhani alikuwa hajawahi kuombwa msamaha na mtu mkubwa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nimekupita, Frateri?"

"Umenipita."

Akarukaruka kama mtoto, akaenda kuwaambia wenzake. Mimi nilibaki na saa mkononi. Sitawadanganya na ninyi: moyo ulinichoma kidogo bado. Lakini nilimwangalia akishangilia, na nikaona kwamba naye pia nampenda. Naomba hilo la pili likue.

Wapendwa, wengi wenu mnafundisha: kwaya, watoto wa Utoto Mtakatifu, wadogo zenu hisabati. Wiki hii jiulize: yupo nani ambaye anaanza kunipita? Je, kuna ukweli wowote juu ya uwezo wake ambao nimemficha? Kama upo, mwambie kabla ya Jumapili.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaosha miguu wanafunzi wako, utujalie kufurahia mwendo wa wengine, hata wanapotutangulia. Amina.