Mlango wa Behewa, Lango la Kanisa

Filamu za kutisha za Asia hurudi mara nyingi kwenye swali moja: je, hofu humwondolea mtu wajibu wake kwa jirani? Katika Ringu ya Hideo Nakata (Japani, 1998), aliyetazama kanda ya laana huokoka akiinakili na kumwonyesha mwingine. Mama ambaye mwanawe ameitazama anaondoka kwenda kwa baba yake mzazi, ili mzee aonyeshwe nakala na mtoto aokoke. Kumpenda mwana si kosa. Kosa ni kumchagulia mwingine kifo.

Train to Busan ya Yeon Sang-ho (Korea Kusini, 2016) inalipanua swali hilo. Wafu wenye kuambukiza wameivamia treni, na abiria wa behewa moja wanawafungia mlango wenzao walio hai kwa kuwashuku tu. Watazamaji wengi hukumbuka wafu. Wanaohukumiwa na filamu, hata hivyo, ni walioushikilia mlango.

Mji wa Eldoret, nchini Kenya, umeliishi swali hili. Tarehe 1 Januari 2008, siku chache baada ya uchaguzi uliozua ghasia za kikabila, kanisa la Kiambaa, nje ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Wakati huohuo Askofu Cornelius Korir aliwapokea maelfu ya wakimbizi katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Yeye alikuwa Mkalenjin.

Wapo watakaosema damu ni nzito kuliko maji, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: hakuna awezaye kuwapenda wote sawasawa. Mengzi, mwanafalsafa wa China ya kale, alikubali kwamba upendo huanzia nyumbani. Lakini alisema pia kwamba yeyote amwonaye mtoto akikaribia kutumbukia kisimani hushtuka, bila kuuliza ni wa nani. Ukoo ndipo wajibu unapoanzia, wala si mpaka wake. Korir alielewa hivyo. Abiria wa lile behewa hawakuelewa, na hofu yao inaeleza walichotenda bila kukihalalisha.

Hofu ikipoa, unabaki wajibu wa kusema kweli. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, na jaji akaukosoa uchunguzi wa polisi. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa moto ule.