Maua kwa Mkono wa Mwingine

Washarika wengi wa mijini wamekwisha kufanya hivi. Shangazi amefariki Himo, ruhusa ya kazini haikupatikana, nauli nayo haitoshi. Basi pesa hutumwa kwa simu kwa mtengeneza mashada wa huko, na siku ya mazishi shada huletwa kwa bodaboda, likiwa na kikaratasi chenye jina la aliyelituma. Anayesoma ratiba huita: "Wajukuu walioko Dar es Salaam!" Mtu mwingine husimama akaliweka kaburini. Tunauliza: je, yule aliyeko Dar es Salaam amefika msibani, au amelipa tu faini ya kutofika?

Tukumbuke kwamba maua yenyewe hayasafiri. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliungana ili wapitishiane maagizo kwa telegramu: mteja hulipa katika mji wake, na muuzaji aliye karibu na mpokeaji hufunga maua aliyo nayo dukani. Sisi tunafanya vivyo hivyo kwa simu. Kinachosafiri ni neno na pesa. Aliyetuma hajaligusa shada wala kulinusa, na wako wazee wanaouita huo upendo wa kukodi.

Hatukubali neno hilo upesi. Wakristo wa Filipi nao hawakufika kwa Mtume Paulo kifungoni. Walituma zawadi kwa mkono wa Epafrodito. Paulo aliipokea kama harufu nzuri mbele za Mungu (Wafilipi 4:18), wala hakuwalaumu waliobaki nyumbani. Lakini tazama anavyomtaja aliyeibeba: ndugu, mtenda kazi, askari mwenzake, mtu aliyeugua karibu ya kufa kwa ajili ya utumishi huo, naye anastahili heshima (2:25-30). Wafilipi walimjua waliyemtuma. Sisi je? Kijana wa bodaboda amepanda mlima kwenye matope ya masika, shada amelikumbatia kifuani, na akifika huambiwa aliweke pale, aende zake. Hakupewa salamu ya kufikisha, wala hakuna aliyemkaribisha chai.

Wazee wa Kichaga wanalo isale. Jani lake hupelekwa kwa mtu kuomba amani au msamaha, na mmea wenyewe hupandwa kaburini. Halinunuliwi, linaota kihambani. Anayeletewa jani hilo anajua ametumiwa ombi linalongoja jibu, na lililopandwa kaburini huendelea kukua, kwa hiyo kuna mtu wa kurudi kulipalilia. Shada la plastiki halinyauki, ndiyo, lakini halimwiti mtu arudi.

Jambo zito zaidi ni pale palipokuwa na ugomvi. Mtu hakusema na kaka yake miaka mingi, kisha siku ya mazishi analeta shada kubwa kuliko yote kwa mkono wa mtu asiyemfahamu. Sisi tunaosimama kando ya kaburi na kitabu cha ibada tunaona nyuso za wafiwa linapoitwa jina lile. Kule kutokuwapo kwake si kosa. Wengine hawapo na wanapendwa. Tatizo ni kwamba ua limetumwa kusema mbele ya watu lile ambalo mwenyewe hakulisema alipokuwa na nafasi, na sasa hakuna wa kulijibu. Kwa huyo tungeshauri shada lingoje kwanza. Ampigie simu mjane, avumilie ukimya wake, aseme linalopaswa kusemwa. Baada ya hapo hata maua machache ya bustani ya jirani yatatosha.

Na kwa wazee wa mitaa tunaomba hivi: aletaye shada la aliye mbali aketishwe, apewe chai, aulizwe aliyemtuma alisema nini. Akijibu kwamba hakuambiwa neno, mzee achukue ile namba, ampigie aliyetuma palepale, kisha ampe mfiwa simu.