Dawa ya Deni ni Kulipa



Mtu anayeanza kuuliza habari za dini hutazamia kufundishwa Sala, Saumu na mambo ya Akhera. Basi hustaajabu akiambiwa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu haisemi juu ya Pepo wala Jahanamu, bali inasema juu ya deni. Aya hiyo imo katika Sura Al-Baqara. Ni ya 283 kwa hesabu inayoanzia Bismillahi, na ya 282 katika misahafu mingine. Humo Mwenyezi Mungu anawaagiza waaminio kwamba wakikopeshana kwa muda, waandike. Mwandishi awe mwadilifu. Na mdaiwa mwenyewe ndiye atamke kiasi anachodaiwa, bila kupunguza kitu. Ikiwa mdaiwa ni mnyonge au hawezi kutamka, msimamizi wake atamke kwa haki kwa niaba yake. Na mashahidi wawepo.

Zingatieni mambo mawili katika agizo hilo: kwanza, mdaiwa aseme kweli kwa kinywa chake, pili, akishindwa, asiachwe peke yake, bali apate mtu mwadilifu wa kumsaidia. Katika mambo hayo mawili umo msingi wa nyumba nyingi kuokoka na madeni.

Jinsi deni linavyoingia

Tutazame hapa hapa Karatu. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, hununua mbegu, mbolea na dawa kabla hajavuna, na mara nyingi huchukua kwa mkopo. Vitunguu vya watu wengi hukomaa kwa wakati mmoja, bei ikashuka, na mnunuzi akadai magunia yajazwe kupita kipimo, yale yaitwayo lumbesa. Mkulima hutoa mali nyingi na kupata pesa kidogo, na deni la mbolea hubaki pale pale.

Katika Hifadhi ya Ngorongoro mfugaji haruhusiwi kulima. Kwa hiyo unga wa watoto hutoka dukani, na pesa ya unga hutoka kwenye mifugo. Ukame ukija, ng'ombe hukonda na bei yake huanguka, lakini watoto hawaachi kula. Hapo daftari la mwenye duka hujaa majina. Nao waliotegemea watalii, yaani waongozaji, madereva, wapishi na wafagiaji wa hoteli, waliona mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, jinsi mshahara unavyoweza kukatika ghafula.

Watu hao wote si wavivu wala si wabadhirifu. Ila mwenye shida akikosa pa kukimbilia, huenda kwa wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wameita mikopo yao "kausha damu". Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji chini ya leseni, na wale wasiopokea amana wakawekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata hivyo, wako wanaotoza mara nyingi zaidi ya hapo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo huwapelekea jamaa na rafiki za mdaiwa habari za deni lake, wakaifanya aibu yake kuwa fimbo ya kumpigia.

Ugonjwa ulio ndani ya deni

Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akiomba katika Sala ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na deni. Alipoulizwa sababu ya kuomba hivyo mara nyingi, alieleza kwamba mtu akiwa na deni husema akadanganya, na huahidi akavunja ahadi.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi alivyougusa ugonjwa wenyewe. Hakutaja umaskini, alitaja uongo. Mdaiwa hupita njia ya nyuma ili asionwe na mwenye duka. Humwambia mtoto aseme kwamba baba hayupo, na siku hiyo humfundisha mtoto kusema uongo. Humficha mkewe deni la kwanza, kisha hukopa la pili ili la kwanza lisijulikane. Mwisho huacha hata kuja Sala ya Ijumaa, kwa kuwa mdai wake husimama safu ile ile. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga makubwa zaidi ni pale deni linapoiua kweli ndani ya nyumba.

Kazi ya mshauri

Katika nchi nyingine ugonjwa huu umewekewa waganga wake. Marekani, tangu mwaka 1951, upo umoja wa mashirika ya kuwashauri wenye madeni, yasiyofanya kazi hiyo kwa faida. Uingereza shirika la namna hiyo lilianzishwa mwaka 1993, na siku hizi laitwa StepChange. Kazi yao si kukopesha. Mshauri huketi na mume na mke, wakaandika mapato yote, matumizi yote na madeni yote. Kisha huwaendea wadai, akawaomba wapunguze riba na kuongeza muda. Huko Marekani mara nyingi familia hutoa fungu moja kila mwezi, na shirika huwagawia wadai, mpaka deni liishe katika miaka mitatu hadi mitano.

Wasomaji wetu Wakristo watakumbuka kwamba jambo hili si geni katika Biblia. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane mmoja alimlilia Nabii Elisha kwamba mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii hakumlaumu; alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Kwa baraka ya Mungu mafuta yakazidi, akaagizwa ayauze, alipe deni kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza ni wa Mungu. Lakini utaratibu ule, yaani kuhesabu kilichopo, kuuza, kulipa, kisha kula, twaweza kuufuata sote.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano, wala hatumtaji mtu yeyote. Baba mmoja mkulima anadaiwa shilingi 500,000 na duka la pembejeo, 300,000 na kikundi chake cha VICOBA, 200,000 na mkopeshaji wa mtaani, 120,000 za mkopo wa simu na 80,000 za duka la unga. Mkewe alijua deni la unga peke yake. Siku walipoketi mbele ya mzee waliyemwamini na kuandika yote, jumla ilikuwa 1,200,000. Mama alilia, lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, wote wawili walijua wamesimama wapi.

Mzee akauliza: ni deni lipi linalokua? Ikaonekana mkopeshaji wa mtaani alitoza 40,000 kila mwezi, na zile 200,000 hazikupungua hata senti. Ukomo wa asilimia 3.5 ungekuwa 7,000 tu. Basi mbuzi wawili wakauzwa, na deni hilo likang'olewa kwanza. Mwenye duka la pembejeo, alipoendewa kwa adabu na mzee huyo, akakubali kupokea 250,000 katika kila msimu kwa misimu miwili. VICOBA wakakubali 30,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Mwenye simu 20,000 kwa miezi sita, bila nyongeza. Na mwenye unga 20,000 kwa miezi minne. Kwa hiyo katika miezi ya kwanza nyumba ilitakiwa kutoa 70,000. Lakini 40,000 kati ya hizo zilikuwa zikiteketea katika riba hapo zamani! Zilizosalia 30,000 zilitoka katika cherehani ya mama na katika matumizi waliyokubaliana kuyaacha. Baada ya miezi minne mzigo ukashuka hadi 50,000, baada ya sita hadi 30,000, na baada ya kumi likabaki la mavuno tu.

Si kila mdai atakubali upesi hivyo. Lakini mdaiwa anayekuja na karatasi iliyoandikwa husikilizwa kuliko anayekimbia.

Wajibu wa mdai

Siku moja Sahaba Kaab bin Malik r.a. alikuwa akimdai Abdullah bin Abi Hadrad r.a. ndani ya msikiti, na sauti zao zikapanda. Mtume Mtukufu s.a.w. alisikia akiwa nyumbani mwake, akafunua pazia, akamwita Kaab na kumwashiria kwa mkono kwamba asamehe nusu ya deni. Kaab akakubali papo hapo. Ndipo Mtume s.a.w. akamgeukia mdaiwa, akamwamuru ainuke alipe nusu iliyosalia.

Huu ndio ushauri wa madeni ulio kamili. Mdai aliombwa huruma, na mdaiwa akatakiwa uaminifu, saa ile ile. Anayehubiri huruma peke yake huwafundisha watu kudhulumu. Anayehubiri malipo peke yake huwafundisha kukandamiza. Kurani Tukufu imeagiza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi (2:281). Tena imewataja wenye madeni kuwa miongoni mwa wanaostahili kupewa Zaka (9:60).

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye deni na aliandike leo, na amwonyeshe mwenzi wake wa nyumbani. Pili, kabla ya kukopa, aulize leseni ya mkopeshaji na apewe mkataba ulioandikwa. Na mwenye kuamini ajiepushe na riba kabisa, kwani Mwenyezi Mungu ameiharimisha. Tatu, tuvitumie vyombo tulivyo navyo. Katika VICOBA sanduku hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu. Amana hiyo hiyo ndiyo itakiwayo katika ushauri. Viko vyama vya ushirika wa akiba na mikopo. Na halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini mkopo mpya si dawa ya mkopo wa zamani. Ni shimo linalochimbwa ili kufukia jingine.

Nne, kila jamaa ya waumini iwe na watu wawili watatu wanaojua hesabu na wanaoweza kutunza siri, wasiodai malipo wala wasiokopesha wenyewe, ambao mtu aweza kuwaendea usiku bila kuogopa kwamba asubuhi habari zake zitakuwa sokoni.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliletewa jeneza, akaambiwa marehemu ana deni la dinari chache na hakuacha cha kulipia. Akawaambia Masahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada r.a. akasema kwamba deni lile liwe juu yake. Na Mtume s.a.w. akamsalia. Basi kabla hatujamwita jirani yetu mdanganyifu, tujiulize: je, katika safu yetu yuko Abu Qatada?

Ewe Mola wetu, utukinge na deni lilemealo na aibu ifungayo ulimi. Uwape wadaiwa ujasiri wa kusema kweli, na wadai moyo wa kungoja. Na utufanye sisi kuwa wenye kusaidiana katika wema. Amin.