Mafuta Yanunuliwayo Mchana
(Neno kwa wazazi. Mathayo 25:1–13)



Somo letu la mwezi huu ni khabari ya wale wanawali kumi. Wasomaji wetu waijua sana, maana kwa desturi ya kanisa letu husomwa mwishoni mwa mwaka wa Kanisa. Kwanza imetupasa kusema wazi ya kuwa Bwana alitoa mfano huu kwa ajili ya kuja kwake. Mhubiri akiugeuza kuwa fundisho la fedha tu, amewanyang'anya wasikilizaji chakula chao. Walakini Bwana alipotaka kutueleza mambo ya mbinguni alishika jambo la nyumbani lililojulikana na kila mtu, na jambo lile la nyumbani nalo ni kweli. Leo twataka kulitazama hilo, kwa ajili ya akina baba na akina mama.

Angalieni, wale watano wapumbavu hawakuwa maskini. Walipoambiwa waende kwa wauzao, walikwenda. Hatusomi popote ya kuwa walikosa fedha. Fedha walikuwa nayo, na wauzaji walikuwapo. Kilichowapungukia ni saa. Mafuta ambayo mchana yangenunuliwa kwa hatua chache, usiku wa manane yaliwagharimu karamu nzima. Tena angalieni, wale wenye busara hawakutumia kidogo kuliko wenzao. Walitumia zaidi! Walichukua taa, wakachukua na chombo cha mafuta juu yake. Kama mtu angaliwaona asubuhi, labda angaliwasifu wale wapumbavu kuwa ni watu wa kubana matumizi, na kuwacheka wale wengine kwa mzigo wao.

Basi hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Hudhani ya kuwa kutumia vizuri maana yake ni kutoa kidogo leo. Mtu mmoja hununua viatu vya bei ya chini kabisa, navyo hupasuka kabla mvua za masika hazijaisha. Hununua vingine, navyo vivyo hivyo. Hata mwaka ukiisha amelipa bei ya jozi mbili imara, na mtoto amekwenda miguu mitupu nusu ya siku zake. Wazee wetu walisema ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 12, alipotaka kueleza upendo wake kwa Kanisa, alikumbusha ya kuwa ni wazazi wanaowawekea watoto akiba, wala si watoto kwa wazazi. Na akiba si fedha peke yake. Saa nazo huwekwa akiba, na afya, na jina la mtoto.

Twasema jina la mtoto kwa makusudi, maana katika kazi yetu ya uchungaji ni jambo hili linalotuletea wazazi wenye machozi mlangoni kuliko mengi mengine. Sheria ya Tanzania yataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa kwake. Tangu mwaka 2013 ulianza mpango, kwanza Mbeya, kisha mkoa kwa mkoa, wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, tena bila malipo. Mama hujifungua, hupewa tangazo la kizazi, huagizwa alipeleke. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Lakini mama amechoka, baba ana shughuli, nalo tangazo latiwa sandukuni chini ya nguo. Miaka yapita. Panya nao hawalali.

Kisha kijana amaliza Kidato cha Sita, na Mungu amembariki, amefaulu. Ataka mkopo wa masomo ya juu. Bodi ya Mikopo yataka cheti cha kuzaliwa, nacho kiwe kimehakikiwa na RITA, yaani wakala wa serikali wenye kazi hiyo ya usajili. Sasa baba aanza safari. Siku ya kwanza aenda wilayani kwa nauli, aambiwa alete uthibitisho: kadi ya kliniki, barua ya mtendaji, cheti cha shule ya msingi, cheti cha ubatizo. Siku ya pili arudi, mtendaji yuko mkutanoni. Siku ya tatu, jioni, aja kwa mchungaji. Twafungua kitabu cha ubatizo cha miaka kumi na minane iliyopita, na humo mtoto ameandikwa Yohana, pamoja na jina la baba yake. Shuleni ameandikwa John, na jina la tatu ni la babu. Katika cheti cha Kidato cha Nne, herufi moja imebadilika. Basi huyu ni mtu mmoja au ni watu watatu? Sisi twamjua, tumembatiza. Lakini karani wa mjini atamjuaje? Baba apelekwa kwa wakili ale kiapo cha majina, naye wakili hafanyi kazi ya bure. Na wakati huo wote siku za kupokea maombi zinahesabiwa, hata mwisho dirisha lafungwa. Mlango wa karamu nao ulifungwa vivyo hivyo.

Wapo wadhanio ya kuwa cheti cha ubatizo chatosha mahali pa cheti cha kuzaliwa. La, hakitoshi. Ubatizo ni agano la Mungu na mtoto, nao ni mkuu kuliko karatasi yo yote. Lakini serikali haikuuanzisha, wala hauandiki kitabu chake. Cheti cha ubatizo chaweza kuwa ushahidi tu. Kwa hiyo twawaomba wazazi: chagueni majina ya mtoto mara moja, yaandikeni namna moja, herufi kwa herufi, kliniki, kanisani na shuleni. Jambo hili halihitaji hata senti moja, nalo laokoa fedha ya wakili na nauli za safari tano.

Katika afya maneno yetu yatakuwa machache, maana wauguzi wanayasema vizuri kuliko sisi. Chanjo ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi tisa, na tena miezi kumi na minane. Ile ya pili husahauliwa sana, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea na mama ameona amekua. Bei yake ni kutembea hata kliniki na kungoja zamu. Pia chumvi. Sisi watu wa milimani twalijua rovu, ule uvimbe wa shingoni, ambao zamani ulionekana kwa wengi. Sababu yake kubwa ni upungufu wa madini joto katika udongo na vyakula vyetu, na tangu miaka ya 1990 nchi yetu imeagiza madini hayo yatiwe katika chumvi. Hata leo sokoni yapatikana chumvi ya magunia isiyotiwa kitu, nayo ni nafuu kidogo. Mama mjamzito akikosa madini hayo, akili ya mtoto tumboni yaweza kudhurika, wala hakuna dawa ya kuirudisha baadaye. Akina baba, ninyi mnaotoa fedha ya sokoni, msimlaumu mke wenu akinunua ile ya pakiti. Nayo iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa chungu.

Sasa twafika kwenye jambo zito, nalo ni la nyumba yetu wenyewe: sherehe za Kipaimara.

Watoto wetu hufundishwa Katekisimo, hukariri, huulizwa mbele ya usharika, huwekewa mikono. Jambo hili ni jema. Kwa mafundisho yetu Kipaimara si sakramenti. Ni mtoto kukiri kwa kinywa chake imani aliyobatizwa kwayo. Lakini tazama siku yenyewe ilivyokuwa katika sharika nyingi. Hema limekodiwa, na viti vyenye vitambaa, na mapambo ya rangi mbili, na keki ya ghorofa, na mpiga picha, na vyombo vya muziki ambavyo sauti yake yafika kijiji cha pili. Mtoto amevaa gauni la siku moja. Mchungaji naye huketishwa mbele na kupewa soda ya kwanza. Na sherehe hizi mara nyingi huwa mwishoni mwa mwaka, majuma machache tu kabla ya Januari.

Januari yaja na hesabu yake. Ni kweli, serikali iliondoa ada katika shule zake mwaka 2016, tangu msingi hata Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikaongeza Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini sare haikuondolewa, wala madaftari, wala viatu, wala michango ya chakula. Na mtoto aendaye bweni ataka godoro, ndoo na tranka. Twaijua nyumba moja, nasi hatutaitaja, iliyouza mtamba wake kwa ajili ya Kipaimara cha binti yao, na juu yake ikakopa katika kikundi. Watu walikula, wakasifu. Binti yule alikaa nyumbani hata katikati ya Februari akingoja sare na vifaa vya Kidato cha Kwanza. Alipofika, wenzake walikuwa wamekwenda mbele sana katika hesabu na Kiingereza, akashindwa kufuata. Na kabla mwaka haujaisha wazazi walikuwa wakilipa masomo ya ziada, wakilipa na deni la kikundi pamoja na riba yake. Yule mtamba alikuwa karibu kupandishwa. Kama angalikuwapo, maziwa yake yangalinunua madaftari mwaka hata mwaka.

Mtu asiseme twachukia furaha. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana. Mbuzi mmoja na ubani wa ndugu na majirani haujaharibu nyumba ya mtu. Lakini furaha isiyolipiwa bado ni deni lililovikwa nguo nyeupe, na mtoto ndiye alilipaye kwa siku zake za shule.

Wengine hutujibu kwa Maandiko. Husema, je, Bwana hakutukataza kusumbukia kesho, katika Mathayo 6? Twajibu: alikataza kusumbuka, hakukataza kutengeneza. Ndege aliowataja hawana ghala, lakini hujenga kiota kabla ya kutaga, wala hawangoji mayai yaanguke chini ndipo watafute majani. Anayesumbuka hasa ni yule asiyetengeneza, maana huyo ndiye asiyelala usiku Januari. Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza maana ya riziki ya kila siku, alihesabu ndani yake mavazi na viatu na nyumba na shamba na utawala mwema. Basi mzazi anunuaye viatu imara, au asimamaye katika mstari wa ofisi ya kata, hajatoka katika sala ya Baba Yetu. Bado yumo ndani yake.

Tena Luther huyo mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akiwasihi waanzishe shule. Aliwauliza jambo la hesabu: ikiwa mji hutoa fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara, madaraja na kingo za maji, kwa nini usitoe kwa ajili ya kuwalisha walimu wa watoto? Na nyumbani kwake mwenyewe, aliyeshika hesabu ni mkewe, Katharina. Luther alikuwa mwepesi wa kugawa. Katharina alilima, alifuga, alivua samaki katika bwawa lake, akaendesha nyumba iliyojaa wanafunzi na wageni na watoto sita, wawili kati yao wakiwa wamefariki wakingali watoto. Twadhani kazi ya Matengenezo ya Kanisa imekula meza ya mama huyu kuliko vitabu vyetu vinavyokiri.

Ninyi wainjilisti, mambo mawili twawaagiza. Siku mnayoandika majina ya watoto wa mafundisho, ombeni cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja. Asiyekuwa nacho, mzazi wake aanze safari sasa, akiwa na miaka mingi mbele yake, si majuma mawili. La pili, katika mkutano wa kwanza wa wazazi wa darasa la Kipaimara, wekeni mezani hesabu ya Januari kabla ya hesabu ya sherehe: bei ya sare, bei ya viatu, bei ya vifaa. Kikibaki kitu, ndipo mzungumze habari za hema. Sharika nyingine zimekwisha kuanza kuwaandalia watoto wote chakula kimoja uani pa kanisa baada ya ibada, mtoto wa mwenye duka pamoja na mtoto wa mjane, nasi tumelipenda jambo hili.

Wapo pia wasio na cha kupangia: wajane, mabibi wanaolea wajukuu, baba aliyepoteza kazi. Kwao maneno haya yote yaweza kuwa kama mawe. Hao msiwahubirie akiba. Wazee wa kanisa na wapite nyumbani kwao mwezi wa Novemba, waulize mtoto avaa namba gani ya kiatu, na sadaka ya usharika ifanye lililobaki, bila kutangazwa madhabahuni.

Na mzazi atakaye kuhakikisha majina ya mtoto wake katika kitabu cha ubatizo, kitabu kipo ofisini. Aje siku ya kazi, mchana.